Radi Ikipiga, Diski Usiiguse

Mama,

Kinga ni bora kuliko tiba, lakini humu ndani kinga ndiyo ugonjwa. Maharage yameiva, weka chumvi. Nakimbilia Vwawa, hospitalini. Bibi ameamka, ila bado hawezi kutamka neno.

Kwa hiyo sauti yake iliyobaki ni ile niliyoirekodi, zile hadithi za Kinamwanga zilizomo kwenye diski ya nje. Nusu ya hadithi hizo imeyeyuka. Nililaumu waya, nikamlaumu mdogo wangu Jastin na simu yake, nikaulaumu hata mfumo wenyewe wa kompyuta, Linux. Leo asubuhi radi ilipolia nikakuona: kanga juu ya kioo, televisheni ukachomoa, kisha ukachomoa na diski, kompyuta ikiwa bado inaandika ndani yake. Kumbe ndiyo maana hadithi hupotea siku za mvua tu. Ukasema, "Radi haichagui nyumba, mwanangu." Nami nikakufokea mbele ya mama mchungaji.

Sasa programu inazitafuta zilizopotea. Haitamaliza kabla ya jioni, na mawingu yameshatanda upande wa Nakonde.

~~Radi ikipiga, usiguse chochote.~~ Radi ikipiga, chomoa waya wa ukutani tu. Betri itaibeba kompyuta. Kioo kifunike upendavyo. Diski ile ndogo nyeusi iache, hata mabati yakitikisika.

Bibi akiniuliza kwa macho hadithi zake ziko wapi, nitamwambia ziko mikononi mwako. Nimeogopa, ndiyo. Lakini kwa kukufokea siombi radhi.

Kifungua mimba wako