Kiti cha Mlango wa Dharura

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Safari ni keshokutwa. Dubai! Binti yangu Umutoni anakaribia kujifungua. Benon, mjukuu wangu, amenichagulia kiti kwenye simu — karibu na mlango wa dharura, eti miguu yangu inyooke. Mara ya kwanza mwaka huu ametumia akili. Halafu akaharibu: ameniombea kiti cha magurudumu kwenye uwanja wa ndege! Nimemfokea. Mimi napanda na kushuka vilima vyote vya Kinyinya kwa miguu, leo nisukumwe? Akasema, Nyogokuru, bibi yangu, si miguu, ni Kiingereza. Wazee wasiojua Kiingereza wote wanafanyiwa hivyo, anayesukuma ndiye anajua njia.

Kumbe. Ulimi ndio mgonjwa, matako ndiyo yanabebwa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefunga unga wa uji wa mzazi, kilo nne. Kaliza, dada yake Benon, alitaka kunifundisha "yes". Naijua tangu kabla hajazaliwa.

Jumatano, 5 Novemba — ndani ya ndege, bado iko chini

Nimesukumwa kama gunia la viazi. Mukandayisenga wa kwaya ameniona. Kesho kanisa zima litaniombea, eti nimepooza.

Lakini kiti! Mbele ya magoti mbuzi angeweza kulala. Akaja binti mhudumu na Kiingereza kirefu. Nikasema yes. Akaongeza. Yes. Akatazama karatasi yake, akageukia Kinyarwanda: Mubyeyi, mzazi wangu, umeletwa na kiti cha magurudumu. Mwenye miguu mibovu hakai hapa, ikitokea hatari wewe ndiye unafungua mlango.

Miguu mibovu! Nikasimama, nikachuchumaa mara tatu, watu wakitazama.

Akauliza, sasa magurudumu yalikuwa ya nini?

Nikajibu kwa sauti: sababu sijui Kiingereza!

Akacheka. Kwa adabu, lakini akacheka. Akasema, asiyeelewa amri naye hakai hapa, amri zinatolewa kwa Kiingereza. Nimejifunga kamba mwenyewe.

Nikamuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Akasema, wa Nduwayo, wa kule Niboye. Nikamwambia msalimie baba yako, mimi sihami. Amekwenda kumwita mkubwa wake.

Jirani yangu, Nsengiyumva, mwanaume aliyevaa tai, anasema usijali mama, nitakutafsiria. Nikamuuliza: moshi ukijaa hapa, utatafsiri kwanza au utakimbia kwanza? Sasa anasoma gazeti, amelishika juu chini.

Mpini wa mlango ni mwekundu. Pembeni kuna maandishi mengi, siambulii hata moja. Nyuma yangu kuna mama kijana, ananyonyesha kichanga. Umutoni naye atapanda ndege na mwanawe siku moja. Mlangoni atakaa nani? Kikongwe wa yes?

Kitabu cha picha walichoweka hapa kitini kinaonyesha mtu anavuta mpini. Kuvuta naweza. Ila kuvuta lini, hawajachora.

Wanakuja, wako wawili. Viatu nilivyokuwa nimevua nimevaa tena. Mkoba nimeupakata.

Si kwamba nahama. Nimevaa tu.