Nilijinyima Chakula Ili Nihifadhi Sura, Sasa Posa Iko Hatarini

Mpendwa mshauri, Shangazi Mwanasha, shikamoo, naomba msaada wako kwa sababu nimejiharibia mwenyewe na zimebaki siku arobaini tu.

Mimi ni Swabir wa Gazi, napanga vyakula mezani katika hoteli moja ya Diani, na si kujisifu lakini pale hakuna anayenifikia kwa maneno wala kwa sura, hata wapishi wa bara wananiita profesa, ingawa shule niliiacha darasa la saba na madrasa niliikimbia kabla ya hapo. Nampenda Subira, binti wa Maalim Abdurahman, naye ananipenda, na nilipopeleka posa maalim akamwambia mjomba wangu, "Kijana wako ulimi anao. Sasa nataka nisikie kama ulimi huo unajua kitu cha maana. Aje Ijumaa ijayo baada ya alasiri anisomee sura ya Tabaraka kwa ghibu, aya zote thelathini, ndipo tuzungumze."

Sasa shangazi, mimi nikifika aya ya nane, ile ya kwanza imeshatoroka. Ndipo Mungu akaniletea mgeni, mama mmoja wa Kijerumani anayechunguza ubongo wa panya huko kwao, kila asubuhi namkatia papai tunapiga soga, akanieleza kuwa kichwani mna kitu kinaitwa nyuropeptaidi wai, mwili ukikaa na njaa kinazidi, na kuna panya waliotiwa kitu hicho wakakumbuka zaidi vichochoro walivyofundishwa kupita. Alikuwa na mengi ya kuendelea nayo lakini meza ya sita walikuwa wananiita, na isitoshe mimi nilikuwa nimeshaelewa: njaa inaleta kile kitu, kile kitu kinaleta kumbukumbu, basi Swabir asile!

Nikashinda siku tatu kwa kahawa chungu na maji, natetemeka huku narudia aya, usingizi hauji, nami najiambia hiyo ndiyo akili inapanda. Jacktone, mpishi wetu, akaniuliza, "Wee profesa, unafunga nini na Ramadhani bado?" Nikamjibu, "Nafunga ujinga, ndugu yangu, wewe endelea na ugali wako."

Ijumaa nikaingia kwa maalim na kanzu iliyopigwa pasi, mjomba ubavuni, wazee wanne mkekani. Nikaanza vizuri, sauti yangu wallahi ni tamu, mpaka aya ya tisa. Hapo mama Subira akaleta sinia la mahamri na mbaazi za nazi, likawekwa kando litusubiri. Harufu ile, shangazi! Aya ya kumi ikapotea, nikarudi ya tisa nayo haipo, na nilipojitambua mkono ulikuwa siniani na mdomo umejaa hamri, wazee hata hawajanawa. Kisha maalim akasema, "Mwacheni ale. Huyu hakuja kuposa, amekuja karamuni."

Sasa Mwero, karani wa Msambweni mwenye baiskeli mpya, atasikilizwa posa yake baada ya siku arobaini. Nafikiria kumwandikia maalim barua ya kitaalamu kwamba si mimi niliyekula, ni nyuropeptaidi. Waonaje?

*

Marahaba, Swabir. Pole kwa aibu uliyoipata, na ungekuwa karibu ningekufinya sikio.

Kitu alichokutajia mgeni wako kipo. Ni kipande kidogo cha protini ambacho seli za ubongo hutumia kupelekeana habari. Lakini wewe umesikia robo ya somo ukafungua chuo! Nimemwuliza daktari, akaniambia mwili ukinyimwa chakula kazi kubwa ya kitu hicho ni kukusukuma ule, hasa vya wanga, na mahamri ni nini kama si wanga? Kinagusa pia usingizi, wasiwasi, hata msukumo wa damu. Na hao panya walidungwa sindano ndani kabisa ya ubongo: walipodungwa sehemu moja walikumbuka zaidi, walipodungwa sehemu nyingine wakasahau. Njaa yako wewe uliielekeza sehemu gani? Hata wataalamu wenyewe bado wanatafuta. Ila mtu ambaye siku tatu hali wala halali, ataiweka wapi aya?

Barua hiyo ichane. Usithubutu kusema si wewe uliyekula. Wazee wale wanne nao wana kitu hichohicho vichwani mwao, na walisubiri kunawa.

Kesho nenda na mjomba wako. Mwombe radhi mama Subira kwanza, maana chakula kilikuwa chake, kisha umwambie maalim, "Nilitafuta njia ya mkato, nimekosa." Ukishasema hayo nyamaza, najua itakuwa kazi. Halafu umwombe akusomeshe yeye mwenyewe, kila alfajiri kabla hujakwenda hotelini. Ukiisoma barua hii zitakuwa zimebaki siku thelathini na tano hivi. Aya moja kwa siku, na siku tano za kurudia. Kula ushibe, ulale mapema, uachane na kahawa.

Mwero atafika kwa maalim siku moja na baiskeli yake. Wewe siku hiyo utakuwa umeshakaa mkekani pale asubuhi thelathini na tano, na mzee atakuwa amezoea kukusikia.

Shangazi Mwanasha