Nani Aliyekula Meno ya Feza

Kasongo, tarehe 9 Julai

Kwa ndugu yangu Kamaldine, machimboni Lusangi,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wifi yangu Mado. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na ile homa iliyokulaza mwezi wa Ramadhani imekuacha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mmoja, na huyo unamjua. Barua nimempa motari wa pikipiki anayewaletea mafuta ya mashine zenu. Amenipa ahadi kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Salamu zimeisha. Nina hasira, na utanisikiliza mpaka mwisho, maana mimi ni dada yako mkubwa na nilikubeba mgongoni kabla hujajua kusimama.

Vokali yako, ule ujumbe wa sauti, nimeisikia. Simu ni ya Hamadi mwenye duka, na aliifungua kwa sauti ya juu, watu wakiwa pale wananunua sabuni. Ulisema nimeharibu meno ya mtoto wako. Ulisema mwanamke asiyezaa hajui kulea, na kwamba Jumamosi utatuma motari amchukue Feza. Watu waliinamisha vichwa wakajifanya hawakusikia. Kamaldine, neno hilo hata mume aliyeniacha hakunitupia mbele za watu.

Sasa nikueleze hayo meno. Shavu la Feza lilivimba hadi jicho likafunga, nikamkimbiza kituo cha afya. Muganga Clovis alimfungua mdomo, akakuta meno manne ya mbele, ya juu, yamebaki visiki vyeusi, na usaha umejaa chini yake. Aliyang'oa yote manne. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Ana miaka mitatu na nusu, na alilia hadi sauti ikakauka.

Clovis aliniuliza mtoto amekula nini tangu aachishwe ziwa. Nikamwambia uji wa muhogo, sombe ya majani yake, na uji tena. Akauliza samaki wako wapi. Ndugu yangu, swali hilo lilikuwa lako. Unakumbuka mama alivyotulea: kiangazi wanawake wanaziba kijito kwa udongo na majani ya migomba, wanakomba maji kwa mabeseni, wanaokota samaki wadogo matopeni. Wanakaushwa juu ya moto, wanatwangwa na vichwa na miiba yao, unga wake unatiwa kwenye uji wa mtoto. Bibi yetu alizikwa na meno yake yote. Clovis alisema ni kweli, ile miiba ndiyo inayosaidia kujenga meno, hata yale ya pili ambayo bado yako ndani ya ufizi.

Lakini wewe na wenzako mumeweka mapompi ya machimbo huko juu ya kijito. Maji yanatufikia mazito, rangi ya matofali. Mwaka jana tuliziba kijito kama desturi, wanawake tisa, tukakomba tangu asubuhi hadi adhuhuri, tukapata matope na kaa wawili. Régina, jirani yangu, alikaa chini palepale akacheka, halafu akalia. Sokoni samaki wadogo wa Tanganyika wanafika kwa pikipiki kupitia Kabambare, na ni wa wenye uwezo. Makayabu, wale samaki wa chumvi wa baharini, ni wa harusi. Nilimwambia Clovis kwamba angalau bahari haiishiwi samaki. Akasema nisijidanganye, hata huko meli kubwa zinazoa kila kitu, na uchafu wa mito yote unaishia humohumo, wa kijito chetu ukipitia Lualaba. Basi hongera, ndugu yangu, umefika baharini bila kupanda gari.

Na badala ya samaki unatuletea nini? Kila motari anayeshuka ana mfuko wako: sukari, biskuti, maziwa matamu ya kopo. Unajiita baba mwema. Sukari yako tumeila, na sasa unauliza meno yamekwenda wapi!

Hapa nilitaka kumaliza barua. Kalamu nimeiweka chini mara mbili, na mara mbili nimeichukua tena, kwa sababu Clovis alisema mambo mawili, nami nimekuandikia moja tu. Aliniuliza kama mtoto analala na biberoni, chupa ya kunyonya, yenye kitu kitamu. Nilikataa. Hakugomba. Aliniambia polepole: “Mama, hii meno haidanganye.” Alisema kukosa samaki peke yake hakuozeshi meno ya mbele namna ile.

Sukari ulituma wewe. Aliyeitia kinywani ni mimi.

Mlimwacha kwangu akiwa na miezi kumi na moja. Alikuwa akisimama mlangoni, uso barabarani, anaita mama. Nikimbeba, ananisukuma. Nikakoroga maji na sukari nyingi, nikampa biberoni, akanyamaza, akalala kifuani pangu. Tangu hapo kila akimtaja Mado nilimpa. Hakuwa na njaa. Nilimpa ili asahau. Siku moja hakumtaja tena, akaniita mimi mama, na nilifurahi, Kamaldine, nilifurahi hadi nikaogopa. Madoa meusi niliyaona tangu mwaka jana. Nilisema ni dawa ya chuma, ile ya kuongeza damu, imeyapaka weusi. Nilijua nikisema kweli mtakuja kumchukua.

Matope ni yako, na sijakusamehe, wala wale wanawake tisa hawajakusamehe. Funga pompi hiyo, au chimba bwawa la kutuliza maji kabla hujayarudisha kijitoni. Mtoto ana meno mengine yanayongoja. Na lile neno la kutozaa utalirudisha kinywani mwako mbele ya watu waliolisikia. Lakini wizi ni wangu, na nauandika kwa mkono wangu.

Usitume motari. Feza si gunia la muhogo. Njooni wenyewe, wewe na Mado, mkae hapa siku nyingi, mpaka amzoee mama yake. Sitamficha. Biberoni nimeitupa chooni.

Leo asubuhi nilimkalisha mapajani, nikamwambia mama yake anaitwa Mado, anakuja, ni mzuri na anampenda. Alinitazama sana. Halafu akacheka, mapengo yote nje, akanishika mashavu kwa mikono miwili: “Mama, uko nanidanganya.”

Nisalimie Mado, umwambie nitamwomba radhi uso kwa uso. Régina anawasalimu, pamoja na majirani wote wa hapa. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi dada yako, shangazi wa Feza,

Faridah