Mti wa Bondeni Haukulia

S.L.P. 317,
Njombe.
24 Mei 2025

Mpendwa kaka Remmy,

Shikamoo. Hujambo huko Kigoma? Ile homa ya mwezi wa tatu imekuachia? Sisi tu wazima, ila baridi imeanza mapema na Mama anakohoa asubuhi. Viazi vimetoka vizuri. Mdogo wetu Abel ameota meno ya mbele, sasa anacheka bila kuziba mdomo.

Barua zako kuhusu sokwe mnaowafuatilia kazini nimezisoma mpaka zimelegea kwenye mikunjo. Naweza kueleza bila kutazama jinsi wanavyochagua miti yenye mizizi mipana iliyosimama kama mbao, wakaipiga kwa mikono na miguu hadi wenzao wa mbali wasikie, na jinsi kila dume alivyo na mdundo wake, ajulikane ni nani na yuko wapi. Ndiyo maana nawe ukija nyumbani huupiga kwanza ule mti wa bondeni, mapigo mawili ya polepole na matatu ya haraka, nami nakimbia kukupokea mzigo.

Unajua siwezi kusimama mbele ya watu. Lakini ulipoahidi kuja kuzungumza na klabu yetu ya sayansi, nilisimama nikawatangazia. Ijumaa ya wiki iliyopita tulipanga viti. Zita alileta hata kitambaa cha meza. Kisha ukapiga simu kwamba umenyimwa ruhusa kazini.

Nilipowaeleza wenzangu, Anderson alipiga dawati kwa ngumi, akiigiza sokwe. "Haya Dorika, mwite basi! Au kaka yako naye kapanda mti?" Wote wakacheka. Mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu nikajibu, "Kaka yangu hasemi uongo."

Jana shangazi Esnath alikuja kutoka Makambako. Hata salamu ya "kamwene" hatujamaliza, akasema, "Remmy mbona kanenepa hivyo! Jumamosi iliyopita kacheza muziki wa kwaito pale kwetu kwenye harusi ya rafiki yake mpaka shati likalowa!"  Mama aliendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

Makambako, kaka. Mwendo wa saa moja tu kutoka hapa.

Uliwahi kuniandikia kwamba sokwe asiyetaka ajulikane alipo hupita kimya, hagusi mti. Nilidhani hizo ni habari za porini.

Kama ulichoka, ungesema. Kama ulituonea haya, sisi na viti vyetu, ungesema pia. Kutokuja ningekusamehe siku ileile. Lakini uliniacha niseme mbele ya watu neno ambalo wewe ulijua si kweli.

Jumatatu nitawaambia ukweli, Anderson acheke tena akitaka. Kisha nitazungumza kuhusu sokwe mimi mwenyewe. Mdundo wako sitawapigia kwenye dawati. Huo ni wako.

Baba na Mama wanakusalimu. Abel anataka picha ya sokwe mchanga. Nisalimie mzee Yosefu, mwenye nyumba wako. Mungu akulinde huko msituni, na miguu yako aielekeze kwetu.

Siku ukija, usipige simu. Piga mti. Nitasikia, na nitakuja kukupokea mzigo hata kama bado nimenuna.

Mdogo wako, akupendaye na hasira zake,
Dorika