Mkebe wa Pili wa Unga

Litembo, Jumapili

Mama mdogo Hedwiga,

Shikamoo. Jambo hili sikuwa nimemwambia mtu yeyote hadi leo: mama anaharisha damu. Aliniambia kwenye simu siku ulipotoka hapo hospitali kununua sabuni. "Wewe Tadea hata ukikanyagwa husemi," alinitania, "kwa hiyo na hili usiseme." Alicheka, halafu akalia.

Huku tumeanza kuanika kahawa. Mbuzi amezaa mapacha.

Unaujua ule unga wa lishe ambao baba alimnunulia. Muuzaji alimwapia kuwa unakinga utumbo usiunguzwe na mionzi ya kutibu saratani. Mama anaogopa kumwambia nesi, maana baba atajua unga wake haukusaidia kitu.

Nilimuuliza mwalimu wa baiolojia. Alisema hajui unga wa kuaminiwa hivyo, na mgonjwa akiona damu amwambie daktari siku hiyo hiyo. Akauliza, "Nani anaumwa?" Nikasema nimesoma tu kitabuni.

Leo baba alikuwa anafunga mkebe wa pili autume huko Dar. Nikamwambia yote.

"Mbona hakuniambia mimi?" aliuliza. Kisha akakaa chini, juu ya kahawa tuliyoanika.

Alinipa simu yake. Nimekupigia tangu asubuhi, hupatikani. Kwa hiyo nimeutoa mkebe kwenye kifurushi, naweka barua hii mahali pake, na nitampa dereva wa basi. Nitamwomba akukabidhi wewe, si mama. Ukiipata, mwite nesi kwanza.

Mwanao,
Tadea