Ng'ombe wa Parmuat Wanangoja Neno Lako

Kitengela,
28 Oktoba 2009

Mpendwa mjukuu wangu Ndanu,

Salamu nyingi kutoka kwa susu yako. Kile kifua cha baridi kimepona, ama bado unatembea bila sweta kama mtu asiye na kwao? Mimi niko mzima. Magoti ndiyo yananisumbua, na vumbi limenikausha koo.

Naandika kwa mkono wangu, huu wa ngumbaru, usiucheke. Simu yako nimepiga nikachoka; inalia, hupokei. Phylis wa Githongo, yule nesi, anarudi huko uliko kesho na amekubali kukupa barua hii mkononi. Hii huwezi kuizima.

Mvua haijanyesha, Ndanu. Hata tone. Barabara ya Namanga inanuka mizoga.

Agosti ulipokuja ulifungua kompyuta hapa mezani kwangu. Jirani yetu Parmuat alikuwa tayari kupeleka ng'ombe Illasit, kule chini ya mlima kwenye malisho, wakiwa bado na nguvu. Ukamwonyesha ramani, Kajiado yote imepakwa buluu, ukamwambia, "Mzee, tulia. Oktoba mvua itakuwa nyingi." Akatulia. Mimi nami nikajaa kifua, nikawatangazia akina mama kanisani kwamba mjukuu wangu anafundisha kompyuta kujua mvua.

Juzi mjomba wako Kisilu akanisomea ule ujumbe uliomtumia. Kumbe kompyuta yako inakata nchi kwa visanduku vikubwa, na sisi tumetiwa kisanduku kimoja na Ngong na Illasit. Ikinyesha Ngong, inahesabiwa tumenyeshewa sote. Na kumbe hata hiyo buluu maana yake ni "huenda".

Silaumu kompyuta. Nakulaumu wewe. Hiyo "huenda" uliiacha wapi? Ulikuwa nayo hapa mezani ukaimeza na chai, kwa sababu wazee walikuwa wanakutazama kwa sifa. Parmuat ndiye aliyetupatia ng'ombe ulipoitwa sekondari, na maziwa yake ndiyo yalikusomesha. Tangu siku hiyo haniiti Mbeke. Ananiita Pakiteng, vile Wamaasai huitana mtu akimpa mwenzake ng'ombe. Jina kama hilo halichezewi.

Wengi wameanguka. Waliobaki tunawainua kila asubuhi, mimi na Naisenya mke wake, mmoja kwa mkia, mwingine kwa pembe. Magoti yangu unayajua.

Angenitukana, ningepata usingizi. Hatukani. Anakuja, "Sopa, Pakiteng," anakaa, halafu anauliza, "Mtoto anasema aje?"

Jana nikamjibu, "Mtoto amenyamaza."

Akacheka kidogo. "Basi anafikiri. Tumngoje."

Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Sikiza sasa. Akienda Illasit leo, wengine watafia njiani, hawana miguu tena. Akikaa na mvua ikose kuja, wataisha wote. Amesema atangoja mpaka Jumapili asikie kutoka kwako. Kutoka kwako, Ndanu, baada ya hayo yote.

Kwa hivyo mpigie. Si mimi, yeye. Mwambie hiyo "huenda" ni kubwa kiasi gani na ile habari ya kisanduku. Kama hujui, sema hujui. Ni mtu mzima, ataamua mwenyewe. Usinitume mimi wala Kisilu tukusemee. Ukiona haya, piga hivyo hivyo na haya zako. Mimi sitaki salamu yako kabla hujamsalimia yeye.

Binamu yako Musila mwambie namkumbuka, na anyoe hiyo nywele. Kisilu anakusalimia. Naisenya pia, ameuliza kama unakula vizuri.

Mungu akufunike huko kwenye baridi, na akupe mdomo wa kusema yale kichwa chako kinajua.

Wako akupendaye, hata nikiwa na hasira hivi,
Susu yako, Mbeke

Simu ya Parmuat nimeipeleka mimi mwenyewe kwa duka la Nduta ikachajiwa. Iko hewani.