Panya Niliowahamishia Pagalani

Madale,
Dar es Salaam.
12 Mei 2024

Mpendwa dada Naima,

Shikamoo. Habari za Muscat, na mgongo wako unaendeleaje? Sie huku mvua haikatiki. Mie mzima, na uzima wenyewe ndo unaoniumiza.

Ulipopiga simu nilikwambia mwanao Nusaiba ana malaria. Nilikudanganya. Kwenye simu nashindwa kusema, ndo maana naandika.

Ile kazi yangu ya kutega panya kwa watafiti unaijua. Wao wanawapima kama wana bakteria wa homa ya mgunda, ile inayoharibu figo. Nyumba iliyonasa panya inapigwa chaki mlangoni. Panya wakikutwa nao, wenye nyumba wanaonywa: msikanyage maji pekupeku, ukipata homa wahi hospitali.

Kwangu walinasa wawili, stoo. Na wiki ile ndo wakwe walikuwa wanaleta posa ya Nusaiba. Nikaona aibu, watu waseme binti katoka nyumba ya panya. Nikaihamishia mitego na panya wake pagala la jirani, watafiti wakajua wamenaswa huko. Nusaiba aliniona, akacheka: "Mjomba nawe! Hata panya unawatafutia chumba?"

Majibu yakaja, panya wa pagalani wana ugonjwa. Pagalani hakai mtu, kwa hiyo hakuna aliyeonywa. Posa ilishapokelewa, nikanyamaza.

Halafu mvua ikaingia stoo. Nusaiba akayazoa maji pekupeku, na kidonda mguuni. Homa ilipoanza nikampa dawa za malaria. Macho yalipogeuka njano ndo tukakimbilia hospitali. Daktari akauliza, nyumbani kuna panya? Mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa kakaa pale pale. Nikasema hakuna.

Kesho yake Nusaiba mwenyewe akaninong'oneza: "Mjomba, mwambie daktari habari za wale wapangaji wako." Nikamwambia daktari. Wakabadilisha dawa, lakini figo zilishasimama. Sasa anasafishwa damu kwa mashine. Wakwe hawaji tena. Daktari anasema tuombe Mungu, na anavyolisema hilo nimeshaelewa.

Msamaha sikuombi, dada. Nakuomba uje tu. Ukimkuta anapumua, ni rehema.

Nisalimie shemeji Faraji na mtoto Mwanaasha. Mola akufikishe salama, akupe moyo ambao mie sina.

Ukifika utakuta chaki mlangoni kwangu. Nimeipiga mwenyewe. Usiifute.

Mdogo wako, akupendaye japo hastahili,
Mashaka